Nilimpelekea Mwanangu Msalaba

Wenzangu wa jumuiya, na ninyi wa kilabuni msiokanyaga jumuiya, mmeniuliza vya kutosha. Mliniaga kwa machozi niende Mbesa kumchukua maiti, kisha mkaniona nashuka stendi ya Songea na msalaba uleule niliotoka nao, bila maiti, bila hata kitambaa cheusi. Kila mtu sasa ana hadithi yake. Kinyozi wa njia panda anawaambia wateja kwamba wakwe zangu walinificha kaburi. Mwongo huyo. Hakuna kaburi. Mwanangu Fortunata yuko hai, na wakati ninyi mnamwombea apumzike kwa amani alikuwa hai vilevile, yuko kitandani ananiulizia mimi.

Naandika kwa sababu kwa mdomo siwezi. Nikifika pale kwenye jogoo sauti inakata. Shule yangu iliishia darasa la nne, mtanivumilia.

Simu mbili za Matogoro

Wazee mnaujua mguu wangu huu, vijana hamuujui. Lilikuwa lori la mbolea. Mimi na mke wangu Restituta tulikuwa tumekaa juu ya magunia, likapinduka. Nikazinduka hospitali, mguu umefungwa mbao, nikauliza mke wangu yuko wapi. Kaka yangu Gaudensi akasema, "Yuko wodi ya kina mama, anaendelea vizuri." Dada yetu Mektilda akasema, "Tena anakuulizia." Nilipozidi kuuliza wakamleta Fortunata, mtoto wa kung'oka meno ya mbele, wakamsimamisha miguuni mwa kitanda. Akasema kama anayesoma ubaoni: "Baba, mama anakusalimia."

Restituta alikuwa ameshazikwa. Walimzika, wakaanua matanga, mimi nipo nakunywa uji na kutuma salamu zangu wodi ya kina mama.

Hao walionidanganya nimewataja kwa majina miaka yote, hata mbele ya padri. Gaudensi. Mektilda. La tatu sikulitaja kwa mtu, ila nililitunza moyoni pamoja na hayo mawili.

Na mnajua desturi yetu. Huku kwetu kifo hakipitishwi kwenye simu. Unaambiwa, "Hali ya mgonjwa si nzuri, njoo." Nawe unaelewa, unaanza kutafuta nani atakulishia mbuzi. Ukiuliza, "Kwani amefariki?" unaonekana huna adabu. Mimi mwenyewe nimewapigia wengi wenu simu za namna hiyo, na hakuna aliyeniita mwongo.

Sasa Rashidi, mume wa Fortunata, alinipigia asubuhi nikiwa napalilia mahindi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, mwenzangu hali yake si nzuri. Tumemleta hospitali. Njoo baba, anakuulizia."

Anakuulizia. Neno la Mektilda lilelile. Nikaweka jembe chini. Nikamjibu, "Nimesikia, mwanangu, nakuja," kwa sauti ile tunayotumia sisi, na nikashangaa mbona yeye hasemi "jikaze baba" kama inavyotakiwa. Nikasema moyoni, vijana hawa hawajui mambo.

Basi la mchana lilikuwepo. Ningelipanda, usiku ningelala Tunduru na asubuhi ningekuwa Mbesa. Sikulipanda. Nilikwenda kwa fundi seremala. Fortunata alipoolewa alibadili dini, kule wanamwita Zuhura, na mimi jambo hilo lilinikaa kooni kama mfupa. Nikasema, akiwa hai walimchukua, akiwa maiti ni wangu. Nitamleta kwetu Matogoro nimzike chini ya msalaba, kwa jina nililombatiza. Fundi akanichagulia mninga. Nilisimama pale mpaka jioni nikimsimamia alipokuwa akichoma herufi kwa msumari wa moto, moja moja, maana jina ni refu. Mlikuja pale kunipa pole. Mlisema msalaba ni mzuri. Ni kweli, ulikuwa mzuri.

Jioni Rashidi akapiga tena. "Baba, umefika wapi? Mtoto amekaa vibaya tumboni na presha inapanda. Madaktari wanataka kumpasua, yeye anaogopa. Anasema haingii mpaka akuone."

Nikajisemea, haya, uongo umeanza kujengewa nyumba, na madirisha wanaweka. Nikamwambia, "Niko njiani." Nilikuwa naosha vumbi la mbao mikononi.

Songea hadi Namtumbo

Asubuhi basi lilichelewa kutoka kwa sababu kondakta alikuwa anagombana na mama mmoja juu ya kuku wake, wapande juu au wakae chini ya kiti. Mimi nilikuwa nimekalishwa dirishani, msalaba nimeufunga kwa gunia, kichwa chake kimetokeza. Jirani yangu, mama wa makamo, akauliza, "Kaka, safari ya wapi?"

"Mbesa. Nina mgonjwa."

Akautazama msalaba. Akashusha khanga yake kutoka mabegani akajifunga kichwani. "Pole sana, kaka. Ni mtoto?"

"Ni mtoto."

"Pole. Mungu ndiye mpangaji." Akanipa ndizi zake. Nilisema mgonjwa, akasikia maiti, na hakukosea hata kidogo, kwa sababu ndicho nilichokuwa nasema. Mnaona? Mimi mwenyewe nilikuwa natumia maneno ya Rashidi, na kwangu yalikuwa na maana nyingine.

Jogoo wa Gaudensi

Namtumbo nikashuka kumchukua Gaudensi. Mkubwa ni mkubwa, msiba hauendi bila yeye, hata kama simpendi. Akanipokea mlangoni, akauona msalaba, akanikumbatia.

"Wamekuambiaje?" akauliza.

"Wanasema hali si nzuri. Wanasema anatakiwa kupasuliwa. Wanasema ananiulizia."

Gaudensi akatikisa kichwa taratibu, kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake. "Anakuulizia. Mh. Basi, mdogo wangu."

Nilitaka kumpiga. Wakati huohuo nilimwamini kuliko mtu yeyote, maana nani azijue salamu za marehemu kuliko yeye?

Nikasema twende, basi linalofuata lisitupite. Akasema hapana. Kuna lori la mahindi la jamaa yake, litashusha mzigo halafu litakuwa tupu, litatupeleka mpaka Mbesa na kumleta mtoto nyumbani kwa heshima. "Maiti hana haraka," akasema. "Afadhali tuchelewe tumchukue vizuri." Lori hilo mpaka leo sijaliona. Mwenye lori anaitwa Beno, na kama anasoma hapa, asome.

Shemeji akachinja jogoo. "Msiba haubebwi kwa tumbo tupu," akasema. Tukaketi. Jogoo alikuwa amekaangwa kwa nyanya na vitunguu vingi, ugali mweupe, moto. Sikutegemea kusikia njaa lakini niliisikia, na nililikamata paja. Hapo simu yangu ikaita. Nikatazama: Rashidi.

"Pokea," Gaudensi akasema.

"Aseme nini zaidi? Mkono una mchuzi."

Ikaita mpaka ikakata. Ikaita tena. Niliiangalia inavyotetemeka juu ya jamvi mpaka ikasogea yenyewe karibu na bakuli. Nikaigeuza kifudifudi. Nikamalizia paja.

Kumbukeni hapo. Mimi nakumbuka kila nikinawa.

Mzee wa korosho, Tunduru

Lori halikuja. Kesho yake tukapanda basi, tukafika Tunduru jua kali. Tukakaa kwenye benchi la mzee mmoja mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, anauza korosho za kukaanga, tukimsubiri mwenye bodaboda amalize kujaza mafuta. Mzee akautazama msalaba, akatutazama.

"Poleni, Wangoni. Nani ametangulia?"

"Mwanangu. Ameolewa Mbesa."

"Inna lillahi. Amezikwa?"

"Bado. Tunamfuata."

Mzee akaacha kuchambua korosho. "Mumewe ni mtu wa huku? Mwislamu?"

"Ndiyo. Rashidi."

"Alikupa habari lini?"

"Juzi asubuhi."

"Juzi! Na hajazikwa?" Akaivua kofia, akaivaa tena. "Hebu niambie maneno yake mwenyewe. Usiongeze ya kwako."

Nikamwambia yote. Hali si nzuri. Mtoto amekaa vibaya. Haingii mpaka anione.

"Sasa nani kawaambia amekufa?"

Gaudensi akaingilia. "Mzee wangu, mtu mzima haambiwi kwenye simu. Hayo ni maneno ya kumwandaa mtu."

"Kwenu!" mzee akasema. "Kwenu mnaandaana. Sisi mtu akifariki tunasema fulani amefariki, na saa ya kuzika tunasema hapohapo, ili ndugu wa mbali ajue atawahi au asome dua hukohuko aliko. Kijana wa huku angefiwa juzi asubuhi, adhuhuri ameshazika. Angekaa na maiti anakusubiri wewe uchonge miti? Amekuambia mgonjwa. Ni mgonjwa! Mwenzangu, unakaa hapa unakula korosho zangu na mwanao anakungoja?"

Nilikuwa nimetia chache mdomoni. Nikazitema.

Kwa mara ya kwanza tangu nitoke Matogoro nikashikwa na hofu. Aliyefiwa haogopi, limeshatokea. Nilikuwa nimesafiri na moyo uliotulia kama maji ya mtungi. Kama alikuwa hai juzi, na jana wakati wa jogoo, je, leo? Nikampigia Rashidi. Haipatikani. Nikapiga tena na tena. Haipatikani.

Gaudensi akasema pole pole, "Simu kuzimwa nayo ni habari."

Nikamwambia, "Kaka, ukitafsiri tena neno moja nakuacha hapa hapa."

Njia ya Mbesa

Tulichukua bodaboda mbili. Ya kwangu ikatangulia, ya Gaudensi ikapata pancha huko nyuma, sikusimama. Msalaba nilifungiwa mgongoni kwa mpira, mikono yake imetoka huku na huku kama mabawa. Barabara ni ya vumbi, na mguu wangu mbovu ulikuwa ukigonga bomba la moshi. Kila kijiji tulichopita watu walisimama. Wanaume waliokuwa wakipalilia mikorosho waliegemea majembe yao. Wanawake walisogeza watoto pembeni, wakasema, "Poleni jamani, poleni." Waislamu watupu, na mimi na msalaba mgongoni. Hakuna aliyecheka.

Kila "pole" ilinichoma. Jana yake nilikuwa nazipokea kama haki yangu. Sasa nilitamani kupaza sauti, "Bado! Msinipe pole, bado!" lakini kwenye pikipiki husikiki.

Dereva akapunguza mwendo. "Mzee, huu mti unakamata upepo. Tuuache hapa kichakani, utauchukua ukirudi."

"Una jina lake," nikasema.

Akaongeza mwendo.

Wodini

Rashidi nilimkuta nyuma ya hospitali, pale ndugu wa wagonjwa wanapofulia, anakamua khanga. Alipoinua macho akauona msalaba, khanga ikamponyoka ikaanguka kwenye mchanga. Akaketi chini.

"Nani amefariki, baba?" akasema. "Ni baba mkubwa? Nani?"

Mimi nilikuwa nimekuja kumwuliza yeye. Tukatazamana hivyo, kila mmoja anasubiri maiti kutoka kwa mwenzake.

"Fortunata yuko wapi?"

"Ndani, baba. Amejifungua jana. Kwa kisu. Wote wazima, alhamdulillahi."

"Usinidanganye, Rashidi."

"Baba, kwa nini nikudanganye? Njoo umwone."

Hata hapo sikuamini. "Njoo umwone" nalo nimewahi kulisema kwa watu. Niliufuata mgongo wa yule kijana nikiwa nimeukaza moyo kuona shuka iliyofunika uso. Mama yake Rashidi alitupisha mlangoni, mtoto mchanga mikononi, akaniambia, "Karibu mkwe. Zawadi yako ya uzazi nzito, lakini tumeipokea." Akaufungua msalaba mgongoni mwangu mwenyewe, akausimamisha ukutani nje, akavua khanga ya begani akaufunika. Sijawahi kusutwa kwa upole namna ile.

Fortunata alikuwa amelala, midomo imekauka. Anapumua. Niliitazama shuka ikipanda na kushuka. Akafumbua macho.

"Shikamoo baba. Umechelewa."

Sikuweza hata kuitikia marahaba, maana wakati huohuo, huko nje getini, Gaudensi aliwasili. Alikuwa hajui lolote. Na mnamjua Gaudensi akilia. "Yooo! Fotu wetu! Umetuacha na nani, mama! Yooo!" Wanawake waliokuwa wanapika wakatupa sufuria, kila mmoja akidhani ni mgonjwa wake, nao wakaangua kilio. Nesi akatoka mbio anafoka. Wodi nzima wakaketi vitandani.

Fortunata akasikiliza. "Huyo ni baba mkubwa?"

"Ndiye."

"Anamlilia nani?"

Nikaangalia sakafu.

"Ananililia mimi?" Akaanza kucheka, akashika tumbo. "Jamani msinichekeshe, nitafumuka." Kisha kicheko kikaisha. Akanitazama vizuri, akaiona nguo yangu nyeusi, akaona vumbi la njia. "Na wewe ulijua nimekufa."

"Rashidi alisema hali si nzuri."

"Si ilikuwa kweli! Angesema nini? Baba, jana walipokuwa wananipeleka, niliomba simu ya Rashidi. Nilikupigia mwenyewe. Nilitaka nikusikie tu ndipo nilale. Ikaita, ikaita. Nikapiga tena, chaji ikaishia hapohapo. Ulikuwa wapi?"

Ningeweza kusema mtandao. Watu wa huko wote wanasema mtandao. Nikasema, "Nilikuwa nakula, mama."

"Ulikuwa unakula."

"Jogoo. Kwa Gaudensi. Niliona simu. Nikaigeuza."

Rashidi akatoka nje. Fortunata akatazama dari, machozi yanaingia masikioni, hayafuti kwa sababu mkono mmoja una dripu na mwingine nilikuwa nimeushika mimi.

"Ulifikiri nimetuma salamu," akasema. "Kama zile za mama."

Nikaushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Nilikuwa mtoto, baba. Walinitoa makaburini, wakanikung'uta udongo miguuni, wakaniambia, ukisema ukweli na baba yako atakufa. Nikasema walivyonituma. Nimekusubiri unisamehe mpaka nimeolewa."

Wenzangu, mimi nilidhani nimelificha jina la tatu. Mtoto alikuwa analijua siku zote.

Kurudi

Nilikaa Mbesa mpaka walipomtoa nyuzi. Nilifua, nilichota maji, nilimpakata mjukuu, msichana, ana masikio ya Restituta. Gaudensi aliondoka kesho yake bila kuaga vizuri, anasema kosa ni la Rashidi, angesema waziwazi. Rashidi alisema waziwazi. Kosa lina mwenyewe, na safari hii simtaji mtu mwingine.

Siku ya kuondoka Fortunata akaomba kuuona msalaba. Mama mkwe wake akaufunua. Akapitisha kidole kwenye herufi.

"Mti gani?"

"Mninga."

"Umenitengenezea kitu kizuri, baba. Ungenichongea kitanda." Akacheka, na safari hii hakushika tumbo. Halafu akasema, "Mpe mama. Mimi bado."

Kaburi la Restituta mnajua sikuwahi kulikanyaga. Nilikuwa nasema, sikumzika mimi, waliomzika walipalilie. Msalaba wake wa mwanzo uliliwa na mchwa zamani. Basi niliporudi nilimpelekea fundi, akapiga randa jina la mtoto, akachoma la mama yake juu yake. Anasema amepiga randa mpaka mti ulipokubali. Mvua ikinyesha mbao ikilowa, herufi za chini zinaonekana bado. Nendeni makaburini mkaone. Nimewaambia wote ili msije mkaona wenyewe mkauliza.

Hakuna aliyekufa, ndiyo maana hakuna wa kunipa pole, na sitaki. Ila nawaomba jambo moja: mkiwa na shida, msiniambie hali si nzuri. Niambieni lilivyo. Na simu ikiita siku hizi napokea, hata nikiwa na ugali mkononi. Imejaa mafuta, kioo kimepasuka, kijana wa vocha ananicheka. Jumapili iliyopita alikuwa Fortunata, hana shida yoyote.

"Baba," akasema, "unakula?"

"Nakula, mama."

"Haya, endelea. Nilitaka kuona kama utapokea."